Mtoto kachaguliwa timu ya taifa ya kuogelea: mambo ya kufanya kabla hajapanda ndege

Kila michezo ya kimataifa ya vijana inapokaribia, simu yangu haipumziki. Wazazi wanauliza swali lile lile: mtoto kachaguliwa, sasa tumwandaeje? Nimesafiri na timu za vijana kama kocha na kama mlezi, na jibu langu halijabadilika. Wiki chache zilizobaki hazitamgeuza kuwa muogeleaji mwingine. Kasi aliyonayo leo ndiyo atakayokwenda nayo. Kazi yetu ni kuhakikisha haimpotei njiani, maana nimeona watoto wengi wakipoteza mbio zao hata kabla hawajalowana.

Michezo hii haifanani na mashindano ya kuogelea peke yake. Olimpiki ya Vijana, Michezo ya Vijana ya Jumuiya ya Madola, Michezo ya Vijana ya Afrika, yote inakusanya michezo mingi pamoja. Mtoto wa miaka 15 anaishi kijiji cha wanamichezo na wanariadha, mabondia na wacheza judo, mbali na wazazi wake. Bwalo la chakula limejaa kila kitu kuanzia alfajiri hadi usiku, na hakuna wa kumwambia ameshakula aiskrimu ya tatu. Kuna waliomaliza mashindano yao wanaokesha wakipiga soga koridoni, wakati yeye ana mchujo asubuhi na basi linaondoka mapema. Kwa hiyo mfundisheni nyumbani: kulala bila simu kitandani, kuamka mwenyewe, kupanga begi lake mwenyewe, kula chakula alichokizoea hadi mbio zake ziishe. Vyakula vipya vitamsubiri.

Sasa nije kwenye jambo linalowaumiza vijana wetu kuliko yote, urefu wa bwawa. Wengi wao wamekulia kwenye mabwawa ya mita 25, ya shule na ya hoteli. Kule wanakuta mita 50. Kwenye mita 100, bwawa fupi linakupa kugeuka mara tatu, na kila ukigeuka unausukuma ukuta na kupata kasi ya bure. Bwawa refu linakupa mara moja tu. Kwenye mita 200 ni mara saba dhidi ya tatu. Mtoto anayetamba kwa kugeuka vizuri anafika mita ya 35 mikono imekuwa mizito, ukuta hauonekani, na anaanza kurusha mikono haraka haraka bila kusogea.

Dawa ipo hata kama bwawa la mita 50 huna. Mwambie mtoto ageuke kabla hajaufikia ukuta, bila kuugusa wala kuusukuma, kisha aanze upya kutoka kasi sifuri. Akifanya hivyo mita 200 mfululizo atajua maana ya bwawa refu. Sisi wa pwani tuna bahati ya bahari pia: maji yakiwa yamejaa na yametulia, kukiwa na ngalawa ya ulinzi na mtu mzima ndani yake, kuogelea kutoka boya hadi boya kunamfundisha kuvuta maji bila kutegemea ukuta. Wenzetu wa Nairobi wana bwawa la mita 50 pale Kasarani, na kambi ya siku chache huko ina faida kuliko mwezi mzima wa kurudia bwawa fupi. Na mzazi, usishtuke muda wake ukiwa mkubwa kuliko ule wa nyumbani. Linganisha bwawa refu na bwawa refu.

Kwa wanaoogelea mgongo, ambao hawauoni ukuta, bendera za kuwaonya zinatundikwa juu ya maji mita 5 kutoka ukutani. Akifika siku ya kwanza ya mazoezi, ahesabu upya mikono yake, yaani mara anazovuta maji, kutoka benderani hadi ukutani, mara nyingi, kwa kasi ya mbio. Nimemwona kijana akigonga kichwa kwa sababu aliamini hesabu ya nyumbani.

Vazi la mbio ni habari nyingine. Lazima liwe na alama ya kuidhinishwa na World Aquatics, shirikisho la kuogelea la dunia, na maofisa huikagua. Ni la kubana kweli kweli. Binti asiyewahi kulivaa anaweza kuhangaika nusu saa kwenye chumba cha kubadilishia chenye joto, jasho linamtoka, kitambaa kimegoma magotini, na saa inakwenda. Mfundisheni nyumbani: mwili uwe mkavu, kucha fupi, avae soksi nyepesi ili kitambaa kiteleze miguuni, avute kidogo kidogo kwa vidole vilivyolala, asitumie kucha. Alivae kwenye mashindano madogo kabla ya safari, si siku ya mchujo kwa mara ya kwanza. Kofia mbili, miwani miwili, vyote kwenye begi la mkononi, kwa sababu begi kubwa linaweza kufika siku mbili baada ya mwenyewe. Hapo hapo niseme jambo tunaloliogopa bure: hedhi haijali ratiba. Timu yenye mabinti iwe na mama au dada mlezi wanayeweza kumwambia bila aibu. Nalisisitiza hili kwa viongozi kila safari na nitaendelea kulisisitiza.

Halafu kuna chumba cha kuitwa. Dakika kama 20 kabla ya mbio muogeleaji anaripoti humo, kocha anabaki nje. Anakaa kwenye kiti, pembeni yake kuna vijana warefu wenye majina makubwa mgongoni, wamevaa vipokea sauti, hawasemi. Watoto wetu wengi huogelea mbio zao zote wakiwa wamekaa pale. Mpeni kitu cha kufanya: anyooshe mabega, arudie kichwani hatua zake kuanzia kuruka hadi mikono kumi ya kwanza, aangalie sakafu yake mwenyewe. Muogeleaji mwenye muda bora anapewa njia ya 4, ya katikati, anayefuata ya 5, kisha 3, 6, 2, 7, 1 na 8. Akipangwa pembeni, njia ya 1 au ya 8, ajue mapema kwamba ni hesabu tu ya muda wa kujiandikisha, na maji ni yale yale.

Amri za kuanzia ni za Kiingereza, na ukitikisika ukaruka kabla ya mlio umetolewa, hakuna nafasi ya pili. Makocha wanaoanzisha mbio kwa "moja, mbili, tatu" waache. Tumieni filimbi fupi fupi, filimbi ndefu ya kupanda jukwaani, amri, kimya, kisha mlio, na urefu wa kile kimya ubadilike kila mara.

Umaliziaji nao. Mwaka 2012 London, Chad le Clos wa Afrika Kusini, aliyekuwa ameshinda medali kwenye Olimpiki ya kwanza ya Vijana, Singapore 2010, alimshinda bingwa wa Marekani Michael Phelps mita 200 za kipepeo kwa sekunde 0.05. Phelps aliteleza kuufikia ukuta, le Clos akaufuata kwa mkono mzima. Kibao cha kugusia, kile cha ukutani kinachosimamisha saa, kinataka kubonyezwa kweli. Mazoezini, kila mzunguko uishe kwa kugusa kwa nguvu, hata wa kupasha misuli.

Mafua yakimpata kambini, asimeze dawa ya mwenzake wala uliyomfungia wewe mzazi. Baadhi ya dawa za mafua zina pseudoefedrini, ambayo kwa kiwango fulani inakatazwa wakati wa mashindano. Daktari wa timu kwanza. Na akichaguliwa kupimwa kama ametumia dawa zilizokatazwa, aombe mtu mzima wa timu aende naye; akiwa chini ya miaka 18 ana haki hiyo.

Tunazungumza haya wakati Dakar imepewa kuandaa Olimpiki ya Vijana kuanzia tarehe 31 Oktoba hadi 13 Novemba 2026, mara ya kwanza kwa Michezo ya Olimpiki kufanyika Afrika. Natamani vijana wetu wafike huko wakiwa wameyazoea mambo haya.

Akikupigia simu baada ya mchujo, muulize kwanza amekula nini. Muda wake atakutajia mwenyewe. Kisha mwombe kocha karatasi ya matokeo yenye muda wa mita 50 za kwanza na za pili, muitunze, kwa sababu mazoezi ya mwaka unaofuata yataanzia kwenye zile namba mbili.