Kugeuza Toyota IST iliyogongwa kuwa gari la viti viwili lenye injini katikati: bodi isubiri

Mkuu, umesema una IST iliyogongwa, injini yake ya 1NZ-FE ni nzima, unataka uunde gari dogo la michezo lenye injini nyuma ya viti, na fundi wa faiba pale Kizota, Dodoma, ameshakupa bei ya bodi. Naomba hiyo bodi uiweke pembeni kwanza. Mimi na wenzangu tuliunda la namna hiyo huku Ihumwa na mpaka leo ninaliendesha, kwa hiyo nakuandikia ninachokijua kwa mikono. Usitoe hata shilingi ya faiba kabla hujajua magurudumu manne yatakaa wapi na kila moja litabeba kilo ngapi.

Injini ndiyo sehemu nyepesi. Kwenye IST imelala kwa upana, giaboksi na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) vimeungana nayo, vyote ni mzigo mmoja. Usogeze mzima mzima nyuma ya viti bila kuugeuza, na injini itajikuta mbele ya ekseli ya nyuma, hapo hapo unapopataka. Toyota walipita njia hiyo walipotoa MR2 mwaka 1984. Ukiugeuza mbele nyuma, matairi yatazunguka kinyume na utabaki na gia moja tu ya kwenda mbele. Giaboksi tafuta ya manyuo inayotumia kebo, kama ya Vitz RS, kwa sababu kebo ndefu zinatengenezeka.

Kazi yenyewe iko kwenye tairodi, zile fimbo zinazounganisha usukani na magurudumu. Habu za mbele za IST, yaani vishikio vinavyobeba magurudumu, zimezoea kuongozwa na usukani. Ukizihamishia nyuma, tairodi lazima zifungwe kwenye chasisi, na mafundi wengi huzifunga popote palipo na nafasi. Hapo tairi likipanda tuta, habu inavutwa na gurudumu la nyuma linakata kona lenyewe bila wewe kugusa usukani. Kwenye gari lenye uzito mwingi nyuma hilo linaua. Barabara zetu, iwe ya Iringa au ya Morogoro, kila kijiji kina matuta, na kona nyingine ina shimo katikati. Sisi tulishusha tairodi ikae usawa wa amu ya chini (mkono wa chuma unaounganisha habu na chasisi kwa chini), urefu wake ukakaribiana na wa amu, ili ncha zote mbili zipande kwa upinde mmoja. Kisha toa springi, pandisha gurudumu kwa jeki kidogo kidogo, na kila hatua upime mbele na nyuma ya rimu kwa rula ndefu ya chuma. Kipimo kikihama, sogeza mahali pa kufungia upande wa ndani, pima tena. Usichomelee moja kwa moja mpaka kitulie. Mwisho yape magurudumu ya nyuma mwelekeo mdogo wa ndani, yaani sehemu zake za mbele zikaribiane kidogo kuliko za nyuma, gari litatulia ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona.

Chasisi: fundi wa mageti atakupa bomba la mraba la milimita 40 lenye unene wa 3 kwa kuwa ndilo alilolizoea. Mita moja ya hilo ina kilo 3.5. La milimita 25 lenye unene wa 1.5 lina kilo 1.1. Kwa mita 50 za bomba hiyo ni kilo 175 dhidi ya 55. Nguvu ya fremu haitoki kwenye unene, inatoka kwenye pembetatu: kila mstatili uupe bomba la mshazari. Juu ya injini weka mshazari wa kufunga kwa bolti, maana ipo siku utaitoa. Bomba jembamba linataka mashine ya kuchomelea ya MIG, inayotumia waya, ile ya fimbo italitoboa. Mahali pa kushika amu tumia bamba la chuma la milimita 3.

Nasisitiza uzito kwa sababu Dodoma iko juu ya mita 1,100. Hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 12 kuliko ya pwani, hivyo farasi 109 za 1NZ zinabaki kama 95. Lotus Elise ya mwaka 1996 ilikuwa na farasi 118 tu, ila ilikuwa na kilo 725. Hapo ndipo pa kulenga.

Kuna mengine ya haraka. Habu za mbele zikikaa nyuma zinakuja na kalipa (vibanio vya breki) zisizo na breki ya mkono, na breki zake zina nguvu kuliko inavyotakiwa nyuma. Tafuta kalipa ndogo zenye breki ya mkono na valvu ya kupunguza presha, tairi za nyuma zisifunge kwanza. Rejeta iache mbele, mabomba ya maji yapite chini ya sakafu, na uweke sehemu ya kutolea hewa iliyonaswa kwenye maji mahali pa juu kabisa, la sivyo injini itachemka Septemba hata ukiwa na feni mbili. Mdomo wa hewa ya injini uwe juu, vumbi la magurudumu ya mbele lisiufikie. Tenki likae kati ya viti na injini, nyuma ya ukuta wa chuma, mbali na eksozi.

Fremu ikishasimama na magurudumu yake, azima mizani nne za magunia, kama zile za wauza mahindi wa Kibaigwa, uweke moja chini ya kila tairi huku wewe umekaa kwenye kiti. Lete hapa namba hizo nne pamoja na umbali kati ya ekseli, tuzungumze springi. Za IST zitakuwa ngumu mno kwa gari hilo.