Perege ana minyoo, nitupe au nile?

Wifi yangu wa hapa Magomeni Bagamoyo kanipigia jana jioni yuko karibu kulia, kanunua perege wanne wa Ruvu wakubwa tu, kafungua shavu la wa kwanza kakuta vidude vya njano vimeshikilia kwenye matamvua kama punje za mchele, anauliza atupe wote au vipi. Nikamwambia tulia wifi, mimi yalishanikuta hayohayo nikamwaga ndoo nzima, hela ya mboga ya wiki ikaenda bure.

Vile vya njano ni minyoo michanga, wataalamu wanaiita Klinostomamu. Ukitumbua kifuko kwa ncha ya kisu anatoka mnyoo bapa anajikunja polepole, inatia kinyaa kwa kweli. Ila msimsingizie muuzaji kwamba samaki wake wameoza. Mnyoo mkubwa anakaa kooni kwa kulastara na ndege wengine wala samaki, mayai yanadondokea majini, yakianguliwa vijidudu vinaingia kwa konokono, vikitoka huko vinamtoboa samaki ngozi na kujificha kwenye nyama, hapo vinangoja ndege ammeze mzunguko uanze tena. Samaki anavuliwa mzima kabisa na anayo.

Hatari ipo ukimla mbichi au nusu mbichi. Huko Japani na Korea wanakokula samaki wa maji baridi mbichi kuna watu mnyoo umewang'ang'ania kooni, koo linavimba, kikohozi hakiishi.

Sasa kinachoniumiza ni hii imani ya ndimu, mtu anakwambia nimemkamulia ndimu na chumvi kalala nayo usiku, minyoo imekufa. Haifi jamani! Kinachoua ni moto, joto lifike nyuzi 63 mpaka katikati ya nyama. Kwa kuwa jikoni hatuna kipimo mimi namchanja pande zote mbili, moto wa wastani, maana mafuta yakichemka sana anakuwa mwekundu nje huku uti wa mgongo bado una damu. Nyama ikiachia mfupa yenyewe, ameiva. Friza nayo inaua ila iwe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, na friza zetu hizi na umeme unavyokatika mimi siitegemei.

Kambare ni tumboni, unaweza kukuta minyoo mirefu imejizungusha, toa matumbo ukifika tu nyumbani usimlaze nayo.

Na wenye mabwawa ya kufuga, fyekeni majani ya pembeni konokono wapungue na mtandike nyavu juu kuzuia ndege.

Basi wifi kabandua vile vidude, watatu kakaanga akawatia nazi. Yule wa kwanza vilikuwa vimejaa mpaka nyama ya mgongoni, huyo nilimwambia amfukie shimoni, asimpe paka mbichi.