Mwili wako hauna kosa, rekebisha baiskeli

Jumamosi nimetoka Arusha hadi Moshi, kilomita zipatazo 80, juu ya baiskeli ya Peugeot ya chuma ya miaka ya 1970, na vijana wa baiskeli za kaboni wakanikuta nimeshaagiza chai. Sijisifu (haya, kidogo). Ila wiki hiyohiyo msomaji kaniandikia: "Kaka, baiskeli yangu ya mbio ya mtumba inaniua shingo na viganja. Niiuze?"

Usiuze.

Mimi nina miguu mirefu na kiwiliwili kifupi. Nilipotafuta baiskeli ya kwanza, muuzaji mmoja alinitazama juu chini mbele za watu akasema mwili wangu si wa baiskeli hizi. Watu wakacheka. Mpaka leo nikipita dukani kwake napiga kengele makusudi. Hakujua kwamba fremu za zamani zinatufaa sana sisi: zikikua, hukua zaidi kwenda juu kuliko kwenda mbele. Fremu ya 58 (yaani bomba la siti ni sentimita 58) mara nyingi bomba lake la juu ni sentimita 56 au 57, basi miguu inapata nafasi na mgongo hauvutwi kama kamba ya kuanikia nguo. Mwenye kiwiliwili kirefu na miguu mifupi ndiye mwenye kazi. Yeye achukue fremu ndogo, atafute shingo ndefu ya usukani, kile kipande kinachoshika usukani na kuuunganisha na fremu.

Anza na siti. Simama ukutani pekupeku, bana kitabu juu kabisa katikati ya miguu, pima hadi sakafuni, zidisha kwa 0.883. Hesabu hii ilienezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda mbio za baiskeli za Tour de France. Ukipata sentimita 88, juu ya siti pawe sentimita 77.7 kutoka katikati ya ekseli ya chini ya fremu, ile inayozungushwa na mikono ya pedeli. Ni pa kuanzia tu. Na usisogeze siti mbele eti ufikie usukani! Siti hupangwa kwa ajili ya magoti.

Utamu wa baiskeli hizi uko kwenye shingo ya usukani, inayozama ndani ya fremu. Legeza bolti ya juu mizunguko miwili, weka kipande cha mbao, gonga, vuta juu. Usivuke alama iliyochorwa, itakatika. Peugeot yangu inataka shingo ya milimita 22.0, na zinazopatikana ni 22.2, kwa hiyo fundi aliipiga msasa kwa saa nzima huku akininung'unikia. Nilitoka kwenye shingo yenye urefu wa kwenda mbele wa milimita 110 nikaweka ya 80, viganja vikaacha kufa ganzi.

Vijana, acheni kuiga migongo ya Tour de France. Wale wanainama kwa mshahara, wana wa kuwakanda jioni. Wewe kesho una kazi. Baiskeli ndiyo imfuate mtu, na anayekuambia ujikunje uizoee anataka kukuuzia nyingine.

Ndugu yangu, pandisha usukani ulingane na siti, uendeshe hivyo mwezi mzima. Kisha ushushe kidogo kidogo, kama bado unautaka chini.