Nilipe ada ya chama cha wachoraji au ninunue rangi?

Vijana wanaochora vitabu vya watoto huniuliza swali hili mara kwa mara, nami huwajibu kwa kuwasimulia kitabu changu cha kwanza. Nilichora michoro 14 na jalada, nikalipwa kwa mkupuo, nikasaini karatasi mbili ambazo sikuzisoma. Mwaka uliofuata nikamkuta sungura wangu kwenye kalenda, ukutani mwa saluni ya jirani. Nilipompigia mchapishaji akanisomea kifungu: nilikuwa nimemwachia haki zote, kwa matumizi yoyote, milele. Sungura si wangu tena.

Hasira hizo ndizo zilizonipeleka kwenye chama. Nilijiunga na SCBWI, chama cha waandishi na wachoraji wa vitabu vya watoto kilichoanzia Los Angeles mwaka 1971 na ambacho sasa kina matawi nchi nyingi. Nilidhani nikishalipa ada kazi zitanifuata. Wapi! Miezi minane nafungua barua pepe, nakuta matangazo ya makongamano ambayo nauli yake tu ni kodi yangu ya mwaka. Mhariri hakupi kitabu kwa sababu una kadi. Anataka kuona kama mtoto uliyemchora akicheka ukurasa wa 3 ndiye yuleyule analia ukurasa wa 20, na msomaji wa miaka mitano hapotei.

Nilichopata ni kujua kusoma mkataba, na hapo ada yangu ilirudi yote. Wenzangu walinifundisha kwamba kuuza mchoro na kuuza haki ya kuuchapa ni biashara mbili. Unaweza kumpa mchapishaji lugha moja, nchi fulani, miaka fulani, basi. Na mrabaha, yaani asilimia unayolipwa kwa kila nakala inayouzwa, je, unahesabiwa kwa bei ya dukani au kwa pesa inayomfikia mchapishaji baada ya duka kukata chake? Asilimia ni ileile, lakini fedha inayoingia mfukoni inaweza kupungua karibu nusu. Hata siri ya kwa nini vitabu vingi vya picha vina kurasa 32 niliipata huko: karatasi kubwa ya mashine hukunjwa ikatoa kurasa 16, mbili zikitosha kitabu. Mimi nilikuwa napanga hadithi za kurasa 27, nashangaa kwa nini zinakatwakatwa.

Basi kama huna kazi hata 10 za kuonyesha bila aibu, nunua rangi. Tuma michoro kwenye maonyesho ya wachoraji ya Bologna, Italia. Hawakuulizi chama chako. Ila kama mkataba uko mezani, jiunge kabla ya kusaini, na kabla ya kulipa uliza kama kuna mtu wa kuupitia pamoja nawe. AOI, chama cha wachoraji cha Uingereza, kwa mfano, huwashauri wanachama wake kuhusu bei na mikataba. Wala usidhani COSOTA ni chama; ile ni ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na haidai uwe na kadi ya chama cha Marekani.

Mwaka wa tatu sikulipa tena. Sasa tuko wachoraji saba hapa Dar, na kila mkataba unapita kwanza kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, majina yamefutwa. Juzi mmoja alileta "haki zote" nyingine. Tukamwambia arudishe. Mchapishaji akaandika upya, "Kiswahili, miaka mitano", wala hakubisha.