Msosi begani, bembea mbele: mnauliza, najibu

Tukifika kwenye bustani ya bembea na chakula chetu, hawatatuzuia getini?

Inategemea mnakwenda wapi, maana hata majirani hawafanani. Orlando, Marekani, Disney World wanakuacha uingie na chakula na vinywaji, mradi usiwe na pombe, chupa za kioo wala chakula cha kupashwa moto. Universal, mji huohuo, wanakubali maji ya chupa, vitafunio vidogo, chakula cha mtoto mchanga na cha mwenye sharti la daktari. Mlo kamili wa mchana, hapana. Tokyo Disneyland nako chakula cha nyumbani unakilia nje ya geti, kuna mahali pametengwa. Kwa hiyo soma masharti ya bustani yenyewe kabla ya kukata tiketi, na yule rafiki aliyekwenda miaka mitano iliyopita msikilize kwa habari za bembea tu.

Tuna deli kubwa la barafu. Tulibebe?

Lipime kwanza. Disney World mwisho ni sentimita 61 kwa 38 kwa 46, na vipande vya barafu vilivyomwagwa ndani hawavitaki, barafu kavu pia. Dawa yake ni chupa za maji zilizogandishwa: asubuhi zinapoza chakula, mchana mnazinywa. Ila zifunge kwa taulo! Mimi nilizipachika katikati ya mikate hivyohivyo, bila taulo. Kufika saa sita chupa zilikuwa zimetoa jasho, mikate ya chini imekuwa uji, na mwanangu anauliza kama tutakula kwa kijiko.

Chakula kinaweza kukaa muda gani?

Chenye nyama, mayai au maziwa, kikikaa bila ubaridi, saa mbili basi. Joto likipita nyuzi 32 ni saa moja, na foleni moja ya bembea maarufu inaweza kuimaliza saa hiyo. Kama hamna cha kupozea, bebeni mikate mikavu, karanga na matunda yenye ganda gumu. Ndizi mbivu ziacheni nyumbani; nikisema hivyo najua ninachokisema.

Mume wangu anataka tufiche chakula chini ya nepi. Unasemaje?

Mwambie mlinzi anapekua mabegi ya wazazi tangu asubuhi. Nepi amezizoea.

Hivi kweli tutaokoa pesa? Watoto wakiona aiskrimu tumekwisha.

Mtaokoa, lakini msijidanganye kwamba hamtanunua kitu. Hesabu inaharibikia kwenye vinywaji, kwa sababu kiu haingoji saa ya kula. Nendeni na chupa za kujaza tena. Disney World, kwenye vibanda vya chakula cha haraka, ukiomba kikombe cha maji ya barafu unapewa bure, hata kama hujanunua kitu. Kisha kubalianeni na watoto mkiwa bado njiani: kila mmoja atachagua kitu kimoja, wakati anaoutaka mwenyewe. Wangu huanza na mbwembwe za kukitaka getini, halafu wanakitunza hadi jioni kwa kuogopa kujuta. Na kama begi litakaa kwenye kabati la kukodi, ada yake iingizeni kwenye hesabu. Mara nyingine begi dogo la mgongoni, lenye mlo mmoja tu, ndilo linalowaachia chenji.