Kupiga kinanda pamoja na faili za midi: zima sehemu yako kwanza

Mkuu, umeuliza kwa nini ukicheza midi kwenye kinanda melodi inakufunika, na ukijaribu kuifuata inakuacha. Mimi napigia kwaya, na mazoezi ya nyumbani nafanya kwa faili hizo hizo.

Ndani ya midi hakuna sauti iliyorekodiwa. Kuna maagizo tu: noti gani ipigwe, kwa nguvu gani, iachiwe lini. Sauti inatolewa na kinanda chako mwenyewe, ndiyo maana ukishusha tempo kutoka 110 hadi 70 wimbo hauzami kama kaseti iliyoishiwa betri. Basi shusha bila aibu.

Maagizo yamegawanywa kwenye chaneli 16, yaani njia 16, kwa kawaida kila ala na yake. Faili zinazofuata General MIDI, utaratibu wa mwaka 1991, huweka ngoma chaneli ya 10. Melodi haina chaneli rasmi. Mara nyingi naikuta ya 1 au ya 4, ila wewe zima moja moja huku unasikiliza. Ukiipata, iache imezimwa. Nafasi hiyo ndiyo yako. Ukiizoea, irudishe, uzime besi na uipige kwa mkono wa kushoto. Kwangu hapa ndipo penye faida hasa, maana wengi wetu wa kanisani mkono wa kulia unakimbia na wa kushoto unaburutwa.

Nyimbo za kwaya zetu zilizoandikwa kwa solfa ni shida kuzipata zikiwa midi. Ziandike kwenye MuseScore, ni programu ya bure, kila sauti na mstari wake, halafu utoe midi. Ukizima teno unabaki na sauti tatu, unaipiga ya nne mwenyewe.

Kinanda kikigoma kusoma faili, angalia aina ya hiyo faili. Vinanda vingine, hasa vya zamani, vinakubali aina ya 0 tu, yaani traki zote zimeunganishwa kuwa moja, na faili nyingi ni aina ya 1. Kuna programu za kompyuta za kuibadilisha. Flashi nayo iwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32.

Ibadani siitumii kabisa. Kwaya ikivuta noti ya mwisho mashine haisubiri, na pambio likirudiwa mara ya tano faili imeshaisha zamani.

Taja modeli ya kinanda chako, nikuelekeze chaneli zinazimwa wapi.