Usaili wa mkimya na msemaji: niliwahi kuajiri mdomo

Mkuu, umeuliza umfanyeje msailiwa anayejibu neno moja moja, na yule anayekunyang'anya usukani wa usaili. Nimekaa kwenye jopo miaka kadhaa, na nikiri mapema: niliwahi kuajiri mdomo.

Tulitafuta mtunza stoo. Jamaa akaingia akicheka, akatusalimu mmoja mmoja, kila swali akalijibu kwa kisa. Aliyemfuata, dada mmoja, aliongea na meza. Tukamchukua jamaa. Miezi miwili baadaye hesabu ya stoo na leja hazisalimiani, na kila nikimuuliza napewa kisa kingine kitamu. Nikafukua karatasi yangu ya siku ile. Kwa dada niliandika "hajiamini", kwa jamaa "mchangamfu". Kuhusu stoo, hata mstari mmoja hakuna.

Siku hizi maswali ni yale yale kwa wote, kwa mpangilio ule ule, na kila mjumbe anaandika alama zake kabla hatujasemezana. Si ubunifu wangu. Watafiti wa saikolojia ya kazi, Schmidt na Hunter, walipojumlisha tafiti za miaka mingi mwaka 1998, usaili wa hivi ulitabiri utendaji kazini vizuri kuliko maongezi ya kujiachia. Mkianza kwa kujadiliana, mwenye sauti nene ndiye anayeajiri.

Msemaji namvizia kwenye neno "tulifanya". Likija mara ya tatu nauliza: "Wewe mwenyewe, siku hiyo, ulishika nini?" Aliyefanya kweli anashuka kwenye mambo madogomadogo. Asiyefanya anazidi kupaa.

Kwa mkimya, mara nyingi tatizo ni sisi. Nikishauliza nanyamaza, nahesabu kimoyomoyo hadi kumi. Kufika sita hivi unawashwa umsaidie. Usimsaidie! Halafu kuna kazi ya mkononi, ambayo wote wanapewa: kadi ya stoo na hati za kupokelea mzigo, kosa moja nimelificha humo. Kuna kijana hakuwa amemaliza sentensi tatu tangu aingie. Akaipitisha kalamu taratibu, ikasimama mstari wa nne. "Hizi katoni 12 zimeingizwa mara mbili." Akanyamaza tena.

Mwenye wasiwasi mpe maji na swali la kuanzia analolijua. Mbishi simwogopi, mradi anabishana na hoja.

Ila kama unaajiri mtu wa mauzo, uchangamfu ni kazi yenyewe. Utengee alama zake, lakini uandike kwenye fomu ni ngapi kabla hujamwona yeyote.